Kaniki ya Mtungi

Mjukuu wangu Idi ana gereji uani kwetu hapa Tegeta. Naiita gereji kwa kumpa moyo tu, maana ni turubai moja, nguzo nne za mikaratusi na magari ya vijana wenzake. Wanapenda magari yenye tabo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, yale yanayovuta pumzi kama mtu wa pumu halafu yanaruka. Mie sina ugomvi nao, kelele zao nimezizoea kama nilivyozoea bata wa jirani. Lakini Jumanne iliyopita nimekaa barazani nachambua mchele, Idi akawasha gari moja alilokuwa analifungia rejeta mpya, ile ndogo ya kupozea oili inayokaa mbele ya ile kubwa ya maji. Mara ikanijia harufu. Sisemi moshi, moshi hapa ni wa kila siku. Ilikuwa harufu ya nguo ya pamba inayoungulia ndani ya oili ya moto.

Nikaruka, mie mwenye magoti haya. Ungo ukaenda kwake, mchele ukaenda kwake.

"Idi! Toa hilo tambara! Toa tambara kwenye rejeta!"

"Bibi, liko kwenye bomba tu, nimelisahau..."

"Toa nimekwambia!"

Vijana wakacheka, mmoja akasema kumbe na bibi naye ni fundi. Idi hakucheka. Akazima gari, akaja kuniokotea mchele, punje kwa punje, ananitazama kwa chini chini. "Bibi, una nini wewe?" Nikamwambia harufu imenikaba, basi. Uongo huo.

Kilichokuwepo ni kwamba siku nne kabla ya hapo simu yangu ilikuwa imeita kutoka Tabora. Sauti ya mwanamke, mtu mzima kama mie. Akasema anaitwa Kalunde, binti wa mzee Maganga, namba yangu ameikuta kwenye daftari la baba yake, na mzee amefariki, wameshamzika. Nikasema pole sana, Mungu amrehemu. Akasema asante. Nikakata. Nilikuwa na neno la kumwambia yule mwanamke, nimekaa nalo mdomoni tangu nina miaka tisa, na nikakata simu.

Nyie wa rika langu mnaujua mtungi. Hawa watoto wa friji ukiwaambia mtungi wanafikiria gesi. Kwetu Mtoni mtungi ulikaa pembeni ya uwanja, juu ya mchanga mbichi, hatua tatu kutoka mlango wa gereji ya Baba, maana uani kwetu na gereji vilitenganishwa na mabati tu. Mama aliuzungushia kaniki, nguo yake ya zamani nyeusi tii, na kila asubuhi na kila adhuhuri aliimwagia maji. Kikipita kiupepo, maji ya ndani yanakuwa ya baridi mpaka meno yanauma. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu kwamba nguo mbichi inavuta joto. Hiyo ndiyo sayansi yangu yote. Shule niliishia darasa la nne, na hayo manne yenyewe nusu yake tulikuwa tunapalilia mihogo ya mwalimu. Mwalimu yule alikuwaga na mihogo mizuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini tuiache mihogo.

Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea mafundi maji kwa kata ya kifuu. Mafundi wenyewe walikuwa wawili tu. Baba, Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa injini, mwembamba, mdomo haufungi. Na Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa rejeta, mpole, mikono mikubwa kama sinia, ambayo kwenye shaba inakuwa laini kama ya mkunga. Mie nilimwita Mjomba Maganga. Yeye aliniita Bi Mtungi.

Na kama mnavyojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Sie watoto tulidhani wanagombana kweli, maana asubuhi yote ilikuwa hivyo.

"Mnyamwezi, rejeta umejifunzia wapi? Nyie kazi yenu upagazi. Rudi ukabebe mizigo kwenu!"

"Nitabeba, Mzaramo. Nimeambiwa mzigo wa kwanza ni wewe, umelala ngomani tangu Alhamisi, wenzio wamekuchoka."

"Mtazame shingo, Bi Mtungi. Imeingia mabegani kwa mizigo ya Waarabu."

"Na wewe mtazame baba yako tumbo. Limejaa ubwabwa wa msiba ambao hata marehemu wake hamjui."

Mama akisikia anacheka peke yake jikoni. Mchana wanakula sahani moja. Mwezi wa Ramadhani Maganga, Mkristo yule, alikuwa hali mbele ya Baba mpaka magharibi, halafu kwenye futari anakaa wa kwanza, na Baba anamuuliza, "Umefunga nini wewe, mikanda ya feni?" Nilikuja kujua ukubwani kwamba watu wawili wanaotukanana vile ni watu wasio na wasiwasi hata chembe kati yao.

Basi wakati ule wa kupanga foleni ya sabuni na sukari akatokea tajiri mmoja, Bwana Kassim, aliyekuwa anashindana mbio za magari. Alikuwa na gari dogo jeupe, na injini yenye tabo ilimjia kwa meli, imo ndani ya sanduku la mbao. Injini ilikuja, rejeta zake hazikuja. Dukani hazipo, wakati ule hata mpira wa baiskeli ulikuwa haupo. Mafundi wa mjini wakaiogopa. Yeye akaja Mtoni.

Akasema mbele ya wote, mie nimeshika kata: "Nifungieni hii injini, mnitengenezee rejeta mbili, ya maji na ya oili. Jumapili ya mwisho wa mwezi nakwenda nayo Vikindu na kurudi. Ikirudi haijachemsha, mafundi wangu ni nyie, safari zote. Na ile nyumba yangu ndogo ya Mtongani, Maganga atakaa na familia yake."

Maganga alikuwa na mke na mtoto Tabora. Miaka mitatu hajawaona. Yeye mwenyewe alilala gerejini kwenye turubai, hawezi kuwaleta wakalale kwenye oili. Mtoto wake ndiye huyo Kalunde, tumezaliwa mwaka mmoja. Kila siku Maganga alinisimulia habari zake: Kalunde anajua kuruka kamba kwa mguu mmoja, Kalunde ana kovu hapa la mwiba wa mkonge, Kalunde anaogopa bata. Mie kwetu nilizaliwa katikati ya wavulana watano. Nilimtaka Kalunde kuliko nguo mpya ya sikukuu. Usiku nilimpangia upande wake wa mkeka. Nikajifunza na kuruka kamba kwa mguu mmoja asije akanicheka, nikaanguka, hii alama ya gotini ni ya siku hiyo.

Wakaanza kazi. Rejeta ya maji Maganga aliikata kutoka kwenye ya lori, akaipunguza kimo, akaziba pembeni. Ile ya oili aliiunda mwenyewe toka mwanzo. Bomba nyembamba za shaba, vibati vyembamba kama kurasa za msahafu, anavipanga kimoja kimoja kwa kucha, halafu anavilehemu kwa risasi. Harufu ya risasi ikiyeyuka, na ya maji ya betri ya kusafishia shaba, mpaka leo naiona tamu. Nilichuchumaa pale mpaka Mama ananiita kwa jina langu na la Baba, yaani hapo hasira zimefika.

Walibishana siku mbili ikae wapi. Baba alitaka iwekwe pembeni, karibu na tabo, mipira iwe mifupi. Maganga akakataa. Alitaka ikae mbele kabisa, chini kidogo, nyuma ya shoo, ule uso wa gari wenye matundu ya kupitisha upepo, na kati yake na ile kubwa ipite nafasi ya vidole viwili. "Upepo ni mvivu," alimwambia Baba. "Ukiupa mlango wa pembeni haupiti kwenye vibati, unapita pembeni." Kwa hiyo akakata bati la debe akazungushia ukingo, upepo ukiingia usipate pa kutorokea. Na mipira ya oili akaifunga juu, hewa isijifiche ndani. Halafu akawa na kipimo chake: unyoya wa kuku. Gari likinguruma pale pale, anausogeza mbele ya shoo. Feni ikiuvuta unyoya ukajibandika, upepo unapita. Usipobandika, ifumue kazi yote.

Nikamuuliza, "Mjomba, hii ndogo ya nini, na maji yana yake?"

Akaweka chini chombo cha kulehemu, akafikiria. Alikuwa mtu wa kumjibu mtoto. "Unaiona hii tabo? Inazunguka mpaka inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Inayoihurumia ni oili. Sasa oili nayo ikitoka pale inatokota, nani ataihurumia? Ndiyo hii ndogo. Huu ni mtungi wa oili, Bi Mtungi. Ikipita humu inapoa, inarudi kazini."

"Isipopoa?"

"Isipopoa Kalunde haji."

Alisema akicheka. Mie sikucheka. Nikatazama ule mtungi wa oili. Nikautazama kwa makini sana, na nikaona kitu ambacho watu wazima wote wawili, pamoja na ufundi wao, walikuwa wamesahau. Mtungi wao ulikuwa hauna nguo.

Jumapili ikafika. Asubuhi, jua la saa mbili, majirani wamejaa wanatazama gari jeupe. Maganga alinipa shoo niisugue kwa sabuni ya majivu, ilikuwa ya plastiki nyeusi, imefunguliwa kwa skrubu nne. Nikaisugua. Halafu watu wote walipokuwa upande wa injini wanamsikiliza Baba anavyojigamba, nikaenda kwenye mtungi, nikaifungua kaniki ya Mama, nikaichovya tena ndani ya ndoo, nikaikunja mara mbili, nikaipachika mbele ya ile rejeta ndogo, nikaingiza pindo kwenye ukingo wa bati isidondoke. Ilikaa vizuri, naapa. Ilikaa kama imekatiwa pale. Nikaegemeza shoo yangu safi juu yake, nyeusi juu ya nyeusi.

Maganga akaja akaingiza skrubu. Jasho linamtoka. Halafu akapapasa mfukoni akautoa unyoya.

Baba akamwona. "Aka! Mnyamwezi, unyoya tena? Jana umejaribu, juzi umejaribu, kuku wa Mtoni wataisha! Bwana Kassim anasubiri, au unataka kutambika kwanza?"

Watu wakaangua kicheko. Maganga naye akacheka, akasema, "Haya Mzaramo, nenda, ukikwama usinililie." Akaurudisha unyoya mfukoni.

Kama Baba asingetia neno lile. Au Maganga naye asingecheka. Nimezipanga hizo "kama" miaka yote kama vibati, na kila nikizipanga ya mwisho inakuwa yangu.

Gari lilikuwa na viti viwili tu. Bwana Kassim akashika usukani, Baba akakaa pembeni wa kutazama geji. Wakaondoka kwa kishindo, vumbi, watoto wanakimbia nyuma. Maganga akabaki na mie. Akakaa juu ya tairi, nikamletea kata ya maji. Akanywa yote.

"Barua nimeshaandika," akaniambia. "Nimewaambia wajiandae. Kalunde akija utamfundisha kuogelea?"

"Mie sijui kuogelea."

"Mtafundishana." Akaigeuzageuza kata tupu mkononi. "Unajua simkumbuki vizuri uso? Namkumbuka mguu, anavyoruka."

Hapo nilitaka kumwambia. Sikuwa na hofu, nilitaka sifa. Nilitaka nimwambie, Mjomba, mtungi wako ulikuwa uchi, nimeuvika. Nikajizuia kwa sababu niliona utamu zaidi ni gari lirudi kwanza, baridi, halafu ndiyo niseme mbele ya watu.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Mama akawa anatafuta kaniki uani, anauliza, "Nani kavua nguo ya mtungi?" Nikasema sijui, labda upepo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani moyo wa mtoto unatangulia kufahamu.

Likarudi linakokotwa na trekta la mchanga, kwa kamba. Jeupe limekuwa na madoa ya oili toka mbele mpaka kwenye kioo. Bwana Kassim akashuka, akajipangusa mikono kwa leso, hakumtazama mtu, akapanda gari la rafiki yake akaondoka. Ndivyo alivyoondoka. Baba akabaki amesimama.

"Imefika Kongowe," akasema, sauti ndogo. "Oili ikapanda moto, ikapanda, geji ikagonga mwisho. Halafu risasi ikaachia. Oili yote ikamwagika barabarani. Injini imenoki, haizunguki tena. Tabo imekwisha." Akageuka kwa Maganga. "Lehemu yako imeachia."

 Maganga akachukua bisibisi akapiga magoti mbele ya gari, akatoa skrubu nne za shoo. Nilikuwa nimesimama upande wake, ndiyo maana niliona. Kaniki ilikuwa pale pale. Imekauka, imeungua katikati, imelowa oili, imegandia kwenye vibati kama ngozi. Harufu ikatoka, ile ile ya Jumanne. Maganga akaibandua taratibu. Akautazama ule upindo wake, Mama aliutia uzi mwekundu. Maji ya kwenye mtungi ule amekunywa kila siku ya Mungu kwa miaka mitatu, mkono wake umeushika upindo ule mara ngapi.

Halafu akafuta nayo mikono. Polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefuta mikono kwa tambara lolote la gereji. Akaitupa ndani ya pipa la oili chafu.

"Ni mkono wangu," akasema. "Sikuweka risasi ya kutosha."

Baba akalipuka. "Mie nilisema ikae pembeni! Nilisema! Kazi ya upagazi hii! Rudi ukabebe mizigo kwenu!"

Maneno yale yale. Majirani wote wakamgeukia Maganga kusubiri jibu, wengine wameshaanza kutabasamu. Jibu halikuja. Wale waliotabasamu wakaanza kutazama chini, mmoja mmoja wakaondoka. Mie nikakimbilia nyuma ya choo nikajificha.

Asubuhi yake Maganga alikuja kunywa maji. Mama alikuwa hajapata nguo nyingine. Maganga akaweka kiganja kwenye ule udongo mtupu, akakiacha pale muda, akaniinamia. Akasema kwa sauti ya chini sana, bila ukali, "Bi Mtungi. Mtungi wako leo uko uchi."

Nikacheka. Jamani, nikacheka. Nilidhani ananitania, nikakimbilia ndani kwa Mama. Nilivyokuwa nafikiri mie, alidhani kaniki ni tambara tu, hajui, na Mungu kaniokoa. Mlango ule alinifungulia wazi kabisa, na mie nikaufunga kwa kicheko.

Baba hakumfukuza. Afadhali angemfukuza. Alianza kumwita Bwana Maganga. "Bwana Maganga, naomba ile spana." "Bwana Maganga, chakula tayari." Na mwenziwe akajibu, "Asante, Fundi." Heshima tupu. Gereji ikawa kama chumba chenye maiti. Mama aliacha kucheka jikoni. Baada ya wiki tatu Maganga akafunga vyombo vyake kwenye gunia, akaagana na kila mtu kwa mkono, akapanda treni kurudi Tabora. Mie alinishika kichwani akasema, "Kunywa maji mengi, Bi Mtungi." Kalunde hakuja Mtoni. Upande wake wa mkeka alikuja kulala shangazi yangu mmoja anayekoroma.

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto. Nasema hivyo mara nyingi, na linasaidia mpaka nikifika mahali pamoja. Baba alipofariki nilikuwa nimeshazaa watatu. Na mnajua ilivyo, kwenye msiba wetu mtani ndiye anayekuja kuvuruga, anamdhihaki marehemu, analala kwenye kaburi anasema hatoki, watu wanacheka huku wanalia, na ndiyo wanapona. Tulimpelekea Maganga habari. Akaja kwa treni, siku ya tatu, mvi tupu. Watu wakampisha, wakakaa mkao wa kusikia. Nikamwona anafungua mdomo pale kaburini. Nikamwona anatafuta. Akasema, "Fundi, pumzika kwa amani." Akavaa kofia.

Mtu mzima mie, nimefunga kanga mbili, nilisimama mita moja naye. Baba alizikwa akidhani rafiki yake alimharibia kazi, na bila mtani. Maganga akaniomba namba ya simu, akaiandika kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, akanitazama kidogo, kama anayesubiri. Nikamwambia, "Shukrani kwa kuja, Mjomba, safari njema." Nikaenda kugawa chakula.

Sasa hiyo Jumanne, baada ya mchele kuokotwa na vijana kuondoka, Idi akaja kukaa kwenye mkeka. Nikamsimulia yote. Ni mtu wa kwanza. Nikamaliza kwa kusema nilivyojiambia siku zote, kwamba labda yule mzee alidhani ni tambara tu.

Idi akakuna kidevu. Hana nia mbaya, ni ufundi tu ndio unamsemesha. "Hapana, Bibi. Rejeta unaifungua unakuta nguo mbele yake? Fundi yeyote anajua hapo hapo. Risasi haikuwa mbaya, iliyeyuka kwa moto. Yule alijua kabla hajasimama."

Nikamwambia anipigie Tabora.

Kalunde akapokea. Tukasalimiana upya, nikampa pole upya. Kisha nikamuuliza, baba yake aliwahi kuwaambia kwa nini hawakuja Dar es Salaam?

"Alituambia," akasema. "Alilehemu rejeta ya tajiri, ikaachia. Mama hakumsamehe hiyo. Mpaka anaingia kaburini alikuwa anamsema, mwanaume mzima umeshindwa kuziba kibomba, umetukosesha nyumba. Sie tulikua hivyo hivyo, baba yetu fundi mbovu. Wanangu wakiharibu kitu nyumbani wanaambiwa wamerithi mkono wa babu." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na yeye anakaa pale anasikiliza tu."

Hata nyumbani kwake hakusema. Nilikuwa nimejidanganya kwamba kwake, angalau, alijitetea.

Nikasema, "Kalunde, babako hakulehemu vibaya." Nikamwambia kaniki, nikamwambia mtungi, nikamwambia nilikuwa namtaka yeye aje. Nilisema haraka na vibaya, naanzia katikati. Nilipomaliza, Idi akachungulia simu kama imekatika.

Kisha nikamsikia Kalunde anavuta pumzi, na sauti yake imebadilika, imekuwa nzito.

"Rudia, mtani. Subiri kwanza, niite wanangu, niweke spika. Na usimung'unye maneno kama Mzaramo mwenye ubwabwa wa msiba mdomoni. Sema wasikie wote."

Nikasikia viti vinaburuzwa, watoto wanaambiwa wanyamaze, mlango unafungwa. Nikajifuta uso kwa upindo wa kanga, nikaanza tena, tangu kwenye mtungi.